Herufi Tatu na Giza la Siku Mbili

Maziwa yalimwagwa mapema asubuhi, kwenye mtaro wa mbele ya ploti yetu huku Kayole, Nairobi. Yalikuwa lita 10. Shosho, bibi mzee jirani yangu, aliiinamisha ndoo kwa mikono miwili, akayamwaga polepole, kisha akachota maji akasuuza ukingo wa mtaro ili nzi wasijae mlangoni pa majirani. Hakuninung'unikia. Alisema tu, "Yamechacha, mwanangu," akarudi ndani. Nami nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, simu mkononi, nikijua kwamba maziwa yale yalichacha kwa sababu ya herufi tatu nilizomtamkia mhudumu wa wateja siku mbili kabla.

Nilizitamka kwa kujiamini. Kwa miaka mitatu nilikuwa mpokea simu katika kampuni moja ya mawasiliano, katika jengo moja kando ya Barabara ya Mombasa, na kule wiki nzima ya kwanza ilikuwa ya kukariri herufi. AHT ni wastani wa muda unaotumia kwenye simu moja. FCR ni tatizo kuisha kwa simu ya kwanza, mteja asilazimike kupiga tena. KYC ni yale maswali ya kuhakikisha kwamba anayepiga ndiye mwenye laini. TAT ni muda ulioahidiwa wa kumaliza kazi. L2 ni watu wa meza ya juu, wenye ruhusa ya kugusa mitambo. Mwezi wa pili nikawa nazisema hata mezani nyumbani, na mama yangu akawa ananitazama kama mtu aliyerudi kutoka nchi ya mbali.

Vifupisho hivyo vina kazi yake, na sitaki mtu afikiri navidharau. Foleni ya simu ikiwa na watu 40, mwenzako wa meza ya pili akikuuliza kwa ishara mteja wako ana shida gani, herufi tatu zinatosha na nyote mnaendelea. Ni lugha ya watu walio kazini pamoja, kama ile ya makondakta na madereva wanaoelewana kwa kugonga bodi ya matatu.

Ila kuna jambo ambalo mteja halioni. Kwenye skrini ya mhudumu pana orodha ya sababu za kupiga simu. Huwezi kuifunga simu mpaka uchague mojawapo, na unachochagua ndicho kinachoamua tiketi itaangukia meza gani, na fundi atakayetumwa atakuja na nini mkononi. Ukichagua tatizo la waya wa nje, anakuja mtu na ngazi. Ukichagua tatizo la akaunti, haji mtu. Suala linamalizwa na mtu wa ofisini ambaye hatawahi kuiona nyumba yako. Kwa hiyo mhudumu anapokusikiliza, sikio liko kwako na jicho liko kwenye orodha, na neno lako la kwanza linalofanana na kitu kilichomo mle ndilo analolibonyeza. Nimelifanya hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuwa mvivu. Saa ilikuwa inahesabu kwenye kona ya skrini, na dakika zangu zilikuwa zinasomwa na msimamizi.

Nilipoacha kazi ile nikawa mteja kama watu wengine, na mwanzoni herufi zilinibeba kweli. Siku moja intaneti ya nyumbani ilikatika. Ukikitazama kile kiboksi cha faiba utaona taa zimepangwa mstari, na chini ya kila taa herufi ndogo zimechapwa: PON, LOS, LAN. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, maana yake kiboksi chako kimetambuliwa na mtambo wa kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga unaopita ndani ya ule uzi wa kioo haukufikii kabisa: uzi umekatika mahali, au umekunjwa sana, au panya wameula kwenye dari. Nilipiga simu nikasema, "LOS iko nyekundu, PON imezima, kebo iliyo ndani haijakunjwa." Mhudumu hakunipeleka kwenye ile safari ya zima, subiri sekunde 30, washa. Alijua kwamba kuzima na kuwasha hakurudishi mwanga uliopotea njiani. Simu ilichukua dakika mbili, na jioni fundi alikuwa juu ya nguzo.

Nilijisikia mtu wa ndani. Hisia hiyo ni tamu, na ndiyo iliyonipeleka kwa Shosho nikiwa na kichwa kilichojaa majibu.

Ilikuwa Oktoba 2024. Wanaotumia stima ya tokeni, ile unayoilipia kabla kisha ukabonyeza tarakimu zake kwenye mita, wanakumbuka kipindi kile. Kila tokeni unayonunua hubeba ndani yake alama ya wakati, ambayo wenye fani huiita TID, na wakati ule alama hiyo ilikuwa ikihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ina ukomo wake. Ni dakika 16,777,216 basi, nazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita yoyote duniani ya mfumo huo ambayo ingefika siku hiyo bila kubadilishwa ufunguo, yaani namba ya siri ambayo mita huisomea tokeni zake, ingekataa tokeni mpya. Ndiyo maana watu walikuwa wakinunua stima ya shilingi 200 wanaletewa ujumbe wenye mafungu matatu ya tarakimu, kila fungu tarakimu 20. Mawili ya kwanza ni ya kubadilisha ufunguo wa mita, na jina lake la kikazi ni KCT. La tatu ndilo yuniti zenyewe. Unayabonyeza kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu.

Shosho anakaa chumba cha chini, karibu na geti, na anauza maziwa na mala kutoka kwenye friji iliyo nyuma ya pazia. Jioni ile yuniti zake ziliisha, akanunua tokeni, akapata tarakimu 60 badala ya 20. Alinigongea mlango akiwa ameishika simu yake mbali na macho, kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"Mwanangu, hii wameniandikia nini? Na kile kimashine kimekataa."

Nilishuka naye. Mita yenyewe iko nje. Kilicho ndani ya nyumba ni kile kimashine kidogo cha kubonyezea tokeni, ambacho wenyewe hukiita CIU. Nilikiwasha. Nilibonyeza tarakimu kama 12 hivi, maandishi yakafifia, kioo kikazima. Nilijaribu tena kwa tochi ya simu. Mara hii nilifika mwisho wa fungu la kwanza, nikabonyeza kitufe cha kukubali, kioo kikaonyesha kitu kwa nukta moja kisha giza. Shosho alikuwa amesimama nyuma yangu akieleza, nami sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kuiona KCT kwenye ujumbe, na kichwani mwangu jibu lilikuwa limeshakaa kitini.

Nilipiga simu. Hivi ndivyo nilivyosema, na naweza kuyarudia maneno yangu moja kwa moja kwa sababu nimeyasikia kichwani mara nyingi tangu siku ile: "Habari yako. Nina KCT mbili, mita imezikataa, TID haijabadilika. Naomba uipandishe juu moja kwa moja."

Mhudumu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza, "Umeziingiza kwa mpangilio?"

"Ndiyo. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kastama kea, naelewa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonichoma zaidi. Nilikuwa kastama kea wa intaneti. Juu ya mita za stima nilijua vile nilivyosoma kwenye simu. Lakini aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, na nilijua ukimya ule ni wa nini. Alikuwa anayaruka maswali. Nimewahi kuyaruka mimi pia, kwa mteja aliyeongea kama mwenzangu, kwa sababu ni aibu kumwuliza mtu anayejua kama amejaribu jambo la kitoto. Alinipa namba ya tiketi, akaniambia mafundi wa mita watafika ndani ya saa 48, akaniomba radhi kwa usumbufu. Alifanya kila kitu sawasawa kulingana na nilichomwambia.

Usiku wa kwanza Shosho aliyahamishia maziwa kwenye sufuria ya maji baridi. Siku ya pili jua lilikuwa kali. Asubuhi ya tatu ndiyo ile ya mtaro.

Fundi alikuja saa nne. Alikuwa mtu mzima, ana begi la turubai, na hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia Shosho.

"Shosho, kikiwashwa kinafanya nini?"

"Kinaandika mpaka katikati, kisha kinafifia kama mshumaa unaoishiwa nta. Na ukingoja kidogo, kinaandika tena."

Fundi alikigeuza kimashine, akasukuma kifuniko cha nyuma kwa kidole gumba. Betri zilikuwa zimetokwa na unga mweupe kwenye ncha, na kisipringi kimoja kilikuwa kimeshika kutu ya kijani. Alikisugua kwa kipande cha msasa, akamtuma mtoto wa jirani dukani kuleta betri mpya. Yuniti zikiisha nyumba haina stima, na kimashine hicho kinategemea betri peke yake mpaka tokeni ikubalike. Alibonyeza fungu la kwanza. Likakubalika. La pili. Likakubalika. La tatu, na friji nyuma ya pazia ikaanza kunguruma.

Mita haikuwa na tatizo lolote. TID haikuwa na tatizo. Maelezo yote yaliyohitajika yalikuwa kinywani mwa Shosho tangu jioni ya kwanza, aliyasema akiwa nyuma ya bega langu, nami niliyafunika kwa herufi. Kama angeshika simu yeye mwenyewe akamwambia yule kijana kwamba kinafifia kama mshumaa, kijana angesema, badilisha betri kwanza, Mama. Ingekuwa imekwisha ndani ya dakika tano.

Nililipa maziwa. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea nusu.

Baada ya hapo nilianza kuzitazama upya zile simu mbili nilizopiga, ya LOS na ya TID, kwa sababu zote nilisema vifupisho na moja ikanisaidia, nyingine ikamharibia mtu riziki. Nilichokiona ni kwamba LOS niliisoma. Ilikuwa imechapwa kwenye boksi, mbele ya macho yangu, na taa yake ilikuwa inawaka. TID haikuwa imeandikwa popote katika chumba kile. Niliitoa kichwani. Ya kwanza ilikuwa ushahidi, ya pili ilikuwa hukumu, nami nilimpa mhudumu zote mbili kwa sauti ileile, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuzitofautisha.

Tangu hapo ndivyo ninavyojipima kabla ya kuzungumza na kaunta yoyote. Herufi zilizoandikwa kwenye kifaa nazitaja bila woga, hata nikiwa sijui maana yake: jina la taa, namba ya mita yenye tarakimu 11, IMEI yenye tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06# kwenye simu. Hizo mhudumu anazihitaji, na hakuna maneno ya kawaida yanayoweza kukaa mahali pake. Ila jina la ugonjwa nalimeza. Nasema kilichotokea, kilianza lini, nilikuwa nafanya nini kilipoanza. Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Mtu aliyewahi kukaa upande ule wa simu anasikia raha fulani kulitaja jina la ugonjwa, na kuiacha raha hiyo kunataka mazoezi.

Jambo hili lina upande wa pili pia, ule wa wahudumu kututupia sisi herufi zao. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya benki moja katikati ya jiji. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu na bahasha ya kaki, amekuja kufungua akaunti ya pili. Binti wa kaunta alikuwa na adabu, anamwita "Mzee wangu" kila mara. Alimwuliza, "PIN yako, Mzee wangu?" Alikuwa anataka ile PIN ya kodi, inayoanza na herufi A, ikifuatwa na tarakimu tisa, ikafungwa na herufi nyingine. Kila mtu wa kaunta Nairobi huiita PIN tu. Mzee alitazama kushoto na kulia, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akanong'ona tarakimu nne za siri za kadi yake.

Binti alinyanyua mikono kutoka kwenye kibodi kama aliyegusa jiko. Sisi wa nyuma tulitazama sakafu, maana ndani ya ukumbi wenye kioo mnong'ono hausikiki na mmoja tu. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba aende kwenye mashine aibadilishe namba ile mara moja, na mzee alitoka foleni akiwa amekunja bahasha yake. Alikuwa ametii alichoulizwa. Neno moja lina maana mbili, moja unapaswa kuionyesha na nyingine unapaswa kuificha hata kwa mkeo, na aliyeuliza hakuongeza neno moja la kuzitenganisha. "Cheti cha kodi" kingetosha.

Herufi zinagongana hivyo kila mahali. PRN kwenye malipo ya kodi ni namba ya kulipia. PRN ileile kwenye karatasi ya dawa maana yake ni umeze pale tu unapohitaji. Nimewahi kumwona dada mmoja kwenye duka la dawa akiuliza PRN ni mara ngapi kwa siku, na mhudumu akamjibu vizuri, kwa maneno kamili, akamwonyesha na kidole: "Hii ni ya maumivu tu. Ukikosa maumivu, usimeze." Dada yule alitoka akiwa ameelewa, na yale maneno hayakuchukua hata sekunde kumi.

Niseme pia lile linalonitia hofu kuliko yote, kwa kuwa nililiponea chupuchupu nikiwa bado kazini. Usiku mmoja, zamu ya kulala watu, mwanamume alipiga simu akitaka laini fulani ihamishiwe kwenye kadi mpya. Aliongea taratibu, kwa uchovu wa mtu wa kazi. "Boss, KYC mwenzako wa mchana ameshamaliza, ilikatikia L2. Wewe nifanyie tu ile hatua ya mwisho tusivuruge AHT yako." Alijua AHT yangu. Nilitabasamu. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya tayari, na ninachokumbuka ni kwamba nilimwonea huruma, kama mwenzangu aliyesahauliwa na zamu ya mchana. Kilichoniokoa ni mazoea ya kinywa: kabla ya kubonyeza nilijikuta nimemwuliza majina matatu na mwaka wa kuzaliwa, bila kukusudia, kama mtu anavyosema "karibu" mlangoni. Alikata simu.

Nilikaa na hedifoni shingoni kwa muda. Anayeiteka laini ya mtu hapa kwetu ameiteka pochi yake, kwa kuwa pesa za simu zimefungamanishwa na laini. Mwenye laini alikuwa amelala mahali fulani, na ulinzi wake wote usiku ule ulikuwa mimi, nami nilikuwa nimeulegeza kwa sababu mtu alitamka herufi zangu. Herufi hizo si siri. Zinasikika kwenye matatu wahudumu wakirudi nyumbani, zinaandikwa kwenye matangazo ya kazi. Lakini sikio linazipokea kama kitambulisho. Kwa hiyo leo, mtu akinipigia kwa jina la kampuni yoyote na kuanza kumwaga vifupisho, nakata, kisha napiga mwenyewe namba iliyochapwa nyuma ya kadi au kwenye risiti. Na nikiwa ndiye mteja, sijitambulishi tena kama mtu wa ndani. Nataka mhudumu aniulize maswali yote, hata yale ya kitoto. Kila swali analoliruka kwa heshima yangu ni mlango ulioachwa wazi kwa mwingine.

Kuna faraja moja niliyoipata kwenye kazi ile, na nimeikumbuka sana miezi hii. Kwetu mteja aliyepiga simu alichagua lugha, Kiingereza moja, Kiswahili mbili. Nilipangiwa laini ya mbili kwa karibu mwaka mzima. Wenzangu waliiona ni ndefu na inaharibu wastani wa dakika. Mimi niliona jambo jingine. Kwenye laini ya moja ningemwambia mteja "una LOS" na akasema "sawa" ingawa hakuelewa, kwa kuwa Kiingereza cha ofisini kina aibu yake, mtu haulizi. Kwenye laini ya mbili ilinibidi niseme kitu chenyewe: "Mama, mwanga haufiki kwenye kiboksi chako, waya umekatika mahali." Naye angejibu, "Ala! Ndiyo maana. Jana watu wa barabara walichimba hapa nje." Hapo hapo nimepata sababu, na mahali, na siku. Ningesema "LOS" nisingepata hata kimoja. Kiswahili kiliniburuta mpaka kwenye kitu, na mteja akanikuta huko akiwa na habari zake.

Kuhusu TAT nitasema kidogo tu, maana najua wapo wanaoipenda. Ukimwambia mhudumu "TAT yenu imepita," anachosikia ni kwamba unamshtaki kwa kanuni za nyumbani kwake, na atajikinga kwa kanuni nyingine. Mwambie: nilipiga Jumatatu saa tatu asubuhi, namba ya tiketi ni hii, niliahidiwa Jumatano, leo ni Ijumaa. Siku na saa hazina pa kujikinga. Zimo kwenye skrini yake, anaziona.

Shosho alivutiwa intaneti mwaka huu, kwa ajili ya wajukuu wanaokuja kufanya kazi za shule kwake kukiwa na utulivu. Jumamosi moja ilikatika. Alinigongea kama kawaida, nikashuka, na kwa kweli nilikiona kiboksi tangu mlangoni na nikajua. Nilipiga namba ya huduma, nikachagua mbili, nikaweka sauti ya nje, nikampa yeye simu. Mimi nikashika tochi.

"Habari yako, Mama. Naitika kutoka huduma kwa wateja. Nikusaidie vipi?"

"Kuna taa inawaka nyekundu, mwanangu. Jana ilikuwa haipo."

"Pole, Mama. Chini ya hiyo taa pameandikwa nini?"

Alinipa ishara ya mkono nisogeze tochi. Alisoma moja moja, kidole juu ya kila herufi. "Eli. O. Esi."

"Asante. Sasa nyuma ya kiboksi kuna kamba nyembamba sana. Ifuate kwa macho mpaka ukutani, uniambie imekaaje. Usiivute."

"Inashuka... inapita nyuma ya kabati. Eh. Kabati tulilisogeza jana tukifagia. Limeibana, imekunjika kama goti."

"Kuna mtu wa kukusaidia kulisogeza?"

Nililivuta kabati kiasi cha shubiri. Shosho aliinama mwenyewe, akainyoosha ile kamba ya njano kwa vidole viwili, polepole, kama anayenyoosha uzi wa sindano. Kijana kwenye simu alisubiri bila kusema kitu.

"Nyekundu imezima," akasema Shosho. "Ile ya pili inapepesa kijani... inapepesa... Ngoja. Imetulia."